Rangi iwe ya mwisho: jibu kwa fundi mstaafu wa Gulu kuhusu MiG-17

SWALI: Mimi ni fundi mstaafu wa jeshi la anga, naishi Gulu. Kikundi chetu cha wastaafu na walimu wa sekondari tumekubaliwa kutunza bodi ya ndege ya vita, MiG-17, iliyokaa kwenye nyasi miaka mingi. Tunataka wanafunzi na wageni waje kuiona. Tumechanga pesa ya rangi na ya kukodi kompresa, na fundi wa kuchomelea anasema anaweza kuipandisha juu ya nguzo ya chuma pale getini. Wengine wanashauri ipigwe mchanga kwanza ili kutu yote itoke. Tutumie rangi gani ili idumu, na tuanzie wapi?

JIBU: Afande, salamu kwako na kwa wenzako wote. Barua yako imenifurahisha sana, maana ndege ya alumini iliyoachwa nyasini huwa haina mtetezi. Anayeijali kwanza kwa kawaida ni mnunuzi wa vyuma chakavu, na akishaipata inayeyushwa inakuwa sufuria. Kwamba nyinyi mmefika kabla yake ni jambo kubwa.

Nitasema wazi mapema yale ninayowaomba msiyafanye: msipige mchanga, msinunue rangi bado, na ndege hiyo isipande juu ya nguzo. Sababu zake nitazieleza moja moja, lakini kuna jambo linalotangulia hata hayo.

Mtu yeyote asiingie kwenye chumba cha rubani mpaka wataalamu wa silaha wa jeshi wamekuja. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kiti cha MiG-17 kinarushwa nje kwa baruti, na kifuniko cha kioo nacho kina mtambo wake wa kukitupa. Baruti iliyokaa kwenye joto na unyevu miaka yote hiyo haitabiriki. Watu hudhani mabomu ya zamani yamekufa, na walimu mlio nao watakuwa na watoto wanaopenda kupanda juu ya kila kitu. Wataalamu hao wakague kiti, kifuniko, na kitanda cha mizinga chini ya pua, kile chenye mzinga mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Wakague pia mitungi ya hewa, ya oksijeni na ya kuzimia moto. Breki za ndege hii zinatumia hewa iliyoshindiliwa, kwa hiyo mitungi ipo hata kama huioni. Wakimaliza, waandike na kutia saini nini kimetolewa na nini kimethibitishwa kitupu. Karatasi hiyo muitunze pamoja na hati ya umiliki, kwa sababu siku moja mkuu wa shule mpya atauliza.

Hatari ya pili haina kelele. Saa na mita za ndege za Kisovieti za enzi hiyo zilipakwa rangi yenye radiamu, metali inayotoa mionzi, ili zisomeke gizani. Leo hazing'ai tena, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kilichokufa ni ile kemikali inayotoa mwanga, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Maana yake ni kwamba radiamu iliyomo kwenye mita hizo ni karibu ileile iliyotoka kiwandani. Ukisimama karibu kwa muda mfupi huna la kuogopa sana. Hatari inakuja pale mtu anapofungua mita, akaikwangua, akavuta vumbi lake au akala chakula kwa mikono hiyohiyo. Waiteni watu wa Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda wapime kwa kifaa chao na waseme mita zipi zibaki na zipi zitolewe. Wakati mnasubiri, mita yoyote yenye kioo kilichovunjika isiguswe, na siku chumba kitakapofunguliwa kiachwe kipitishe hewa kwanza, kwa sababu radiamu hutoa gesi inayojikusanya mahali palipofungwa.

Kuhusu kibali nitasema kwa kifupi. Kukubaliwa kwa mdomo hakutoshi. Pateni barua ya Wizara ya Ulinzi inayosema ndege ni ya nani na imekabidhiwa kwa masharti gani, kisha muijulishe idara ya makumbusho iliyo chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Pale Makumbusho ya Uganda, Kitante, wapo watu wanaojua namna ya kuorodhesha kitu cha historia, na ushauri wao utawaokoa na mengi.

Sasa tuje kwenye ndege yenyewe. Umeandika juu ya kutu, lakini ngozi ya MiG-17 haishiki kutu kama bati la nyumba. Ni alumini iliyochanganywa na shaba kidogo ili iwe ngumu, na kwa kuwa mchanganyiko huo unaliwa upesi na unyevu, kiwandani waliuvisha koti jembamba la alumini safi pande zote mbili. Koti hilo ni jembamba kuliko karatasi, na ndilo lililoilinda ndege yenu mpaka leo. Ukipiga mchanga kwa kompresa unalivua koti lote kwa asubuhi moja, na kwa kuwa bati lenyewe ni jembamba, linavimba na kujikunja katikati ya mbavu. Ndege itang'aa kwa ajili ya picha za uzinduzi, halafu mvua za mwaka wa pili zitaanza kuitafuna kwa kasi ambayo hamjapata kuiona. Ndiyo maana nasema hapana, hata kama mwenye kompresa ni ndugu yenu na anataka kusaidia bure.

Adui wenu ni maji yaliyonaswa. Ndege inaporuka, maji hutoka kwenye vitundu vilivyotobolewa sehemu za chini kabisa. Ikikaa nyasini, vitundu hivyo huzibwa na udongo, viota vya nyigu na majani, na maji yanabaki ndani ya tumbo la mkia na ndani ya bawa. Huko ndani viungio vya bawa na miguu ya magurudumu ni chuma kigumu, na vinagusana na alumini. Metali hizo mbili zikilowana pamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Utaiona imepanda juu tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, na unga mweupe unatoka kati ya tabaka. Tafuteni hali hiyo kwanza kwenye kingo za paneli, kuzunguka riveti na pale bawa linapokutana na bodi. Mkikuta bolti kubwa za bawa zimezungukwa na unga huo, msiiburute wala kuiinua ndege kwa mabawa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mikono ni kuzibua vitundu vyote kwa kijiti cha mbao au plastiki, kutoa udongo, na kuacha hewa ipite. Kazi hiyo ifanyike kati ya Desemba na Februari, wakati Gulu ni kavu. Ndani ya tundu la hewa puani na kwenye bomba la nyuma tegemeeni nyuki, na pengine nyoka, basi muiteni mtu anayejua kuhamisha nyuki kabla ya kuingiza mkono. Vinyesi vya ndege na popo viondolewe mapema, kwa sababu asidi yake inakula rangi na metali.

Pesa mliyochanga ya rangi, ningekuwa mimi ningeijengea paa. Banda la mabati lisilo na kuta, refu kuliko mkia, lenye ukingo uliotoka nje ya ncha za mabawa kiasi cha kuzuia mvua ya upepo, na chini sakafu ya zege yenye mteremko mdogo. MiG-17 ina urefu wa zaidi ya mita 11 na upana wa bawa usiofika mita 10, kwa hiyo hilo si jengo la kutisha. Paa kama hilo litaifaa ndege kuliko rangi yoyote iliyopo dukani, hata ile ya bei ghali kabisa. Turubali lisitumike badala yake, maana hufungia unyevu chini, na kila upepo ukivuma linasugua ngozi ya ndege.

Nguzo ya getini ni ya kupendeza macho, nakubali, na najua heshima mnayotaka kuipa ndege hiyo. Lakini ndege iliyopanda nguzoni haikaguliwi tena na mtu. Maji yakijaa bawani hakuna anayejua, ndege wa porini wanajenga viota ndani, na uzito wa tani kadhaa unashikwa na kipande kimoja cha bodi ambacho hakikubuniwa kushikwa hapo, huku dhoruba za Aprili zikiitikisa. Kuna na radi. Kaskazini yetu na shule za Uganda kwa ujumla zina historia ya uchungu na radi, na watoto wakiona mvua watakimbilia chini ya bawa. Liwe banda la chini, lenye waya wa radi uliozikwa vizuri ardhini na fundi wa umeme mwenye leseni, na bango linalosema mtu asijikinge hapo wakati wa ngurumo.

Kuhamisha ndege kutoka nyasini hadi bandani ndipo nyingi zinapovunjwa. Grinda isiguse kiungio chochote. Ndege hii ilibuniwa ifunguke: sehemu ya nyuma ya bodi inachomoka nzima ili injini itoke, na mabawa yamefungwa kwa bolti. Bolti zilizoshika mzipe muda. Mchanganyiko wa nusu asetoni na nusu mafuta ya gia ya otomatiki, ukidondoshewa kidogo kila siku kwa wiki mbili au tatu, hufungua bolti ambazo watu walishazikatia tamaa, ila msivute sigara karibu. Kuna sababu nyingine ya kuogopa grinda: baadhi ya vipande vya kusubu vya ndege za wakati huo ni magnesiamu, na cheche zikikishika kipande cha namna hiyo moto wake hauzimwi kwa maji, maji huuongeza. Wekeni mchanga mkavu karibu. Angalieni pia mizani. Kama jeshi litatoa mizinga puani na injini ikabaki, uzito unarudi nyuma na ndege inaweza kukaa kitako ghafla. Tegemezeni mkia kabla ya kutoa kitu chochote puani.

Kila kitakachofunguliwa kipigwe picha kikiwa mahali pake, kifungwe kibandiko chenye namba, kiandikwe daftarini. Hapa walimu watawafaa kuliko mafundi. Mafuta mekundu ya haidroli na mabaki ya mafuta ya taa yakingwe kwenye madumu, yasimwagwe ardhini.

Kuosha kunataka subira tu. Tumieni maji ya mvua badala ya maji ya kisima, ambayo mara nyingi yana chumvi, sabuni laini isiyo na magadi, brashi za nailoni na vitambaa vya pamba. Mashine ya maji ya presha husukuma maji ndani ya viungo, na brashi ya waya wa chuma huacha chembe za chuma ndani ya alumini ambazo baadaye zinakuwa vidonda. Kioo cha rubani kisiguswe na petroli, thina, spiriti wala dawa ya kusafishia madirisha. Ni plastiki, na vimiminika hivyo vinakipasua nyufa ndogondogo zisizotibika. Maji, sabuni kidogo, kitambaa laini, kisha kifunikwe kwa shuka jeupe la pamba ili jua lisikimalize. Matairi yasibebe uzito. Inueni ndege kwa jeki, iwekeni juu ya stendi, tairi liguse sakafu tu.

Hapo ndipo tunafika kwenye rangi, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Ngozi ya zamani ya ndege yenu ni hati. Mahali fulani chini ya ukoga kuna maandishi madogo ya Kirusi yaliyomwonyesha fundi wapi pa kujaza hewa na wapi pasikanyagwe. Kuna namba iliyopakwa, ikafutwa, ikapakwa nyingine. Pengine kuna kiraka cha riveti ambacho fundi fulani wa Uganda alikiweka kwa mkono wake, na pengine fundi huyo ni mmoja wenu. Ukipaka rangi mpya mwili mzima, hayo yote yamekwenda, na mgeni anabaki akitazama kazi ya mwaka huu. Makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza jijini London wana ndege ya kudondosha mabomu aina ya Halifax iliyotolewa mwaka 1973 katika ziwa moja huko Norway, ambako ilizama mwaka 1942. Waliiacha sehemu kubwa ikiwa vilevile ilivyotoka majini, imechakaa, na watu husimama mbele yake muda mrefu.

Fanyeni hivi. Chagueni sehemu ndogo, sawa na kiganja, karibu na mahali namba ilipokuwa. Kwa msasa wa maji laini kabisa, kuanzia namba 800 hadi 1200, sugueni kwa duara polepole mpaka kila tabaka la rangi lionekane kama pete. Mtajua ndege ilipakwa mara ngapi na kwa rangi zipi. MiG-17 nyingi zilitoka kiwandani bila rangi, metali tupu yenye vanishi, kwa hiyo msishangae mkikuta hakuna rangi ya kijani chini kabisa. Vaeni barakoa, na msugue kukiwa na maji, kwa sababu praima (rangi ya kwanza ya chini) ya zamani ya manjano au kijani kibichi huwa na kemikali iitwayo kromeiti, na vumbi lake huleta saratani. Msikisie alama za taifa wala namba. Tafuteni picha za wakati ule kwa familia za marubani na mafundi, nanyi mna uhusiano huo ambao hakuna makumbusho inayoweza kuununua.

Mkishajua, rangi iliyobaki ishikiliwe kwa vanishi ya akriliki inayoweza kutolewa tena kwa asetoni. Wahifadhi hutumia ile inayoitwa Paraloid B-72. Sehemu zilizobaki metali tupu zisafishwe na zipewe nta. Kama mtaamua upande mmoja upakwe upya ili watoto waone ndege ilivyokuwa siku ya kwanza, sina ugomvi na hilo, mradi chini yake kuwe na tabaka la vanishi hiyo, na upande wa pili uachwe. Praima iwe ya epoksi. Rangi ya juu ya poliurethani, ile ya kuchanganya vimiminika viwili, ni imara kweli, lakini ina sumu inayoharibu mapafu moja kwa moja, na barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Anayeipuliza awe na kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje. Kama hakuna, msiitumie.

Vipande vilivyopotea, kama vifuniko na milango ya magurudumu, mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kuvikunja wakipewa sampuli nzuri. Viwe vya alumini na riveti za alumini, na kwa ndani pagongwe mwaka vilipotengenezwa, ili mtu wa baadaye asidanganyike.

Mwisho kuna maandishi ya bango, na nawaomba myape uzito uleule mnaoupa metali. Ndege hii ina mambo ya kusimulia. Aina yake ilianza kuruka Januari 1950, na injini yake ya VK-1 inatokana na injini ya Rolls-Royce Nene ambayo Waingereza wenyewe waliwauzia Wasovieti baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndege za aina yake zilikuwa zimeegeshwa Entebbe usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, na makomando wa Israeli waliokuja kuokoa mateka walizilipua pamoja na MiG-21 wakiwa wanaondoka. Wanajeshi wa Uganda waliokufa usiku ule hawana bango mahali pengi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1978, ndege za Uganda zilishambulia Kagera, Tanzania, na katika vita vile Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ndege ya kushambulia ina watu waliokuwa chini yake, na hao lazima wawe bangoni. Mgeni akitoka Bukoba, ambako mpaka leo wapo wanaokumbuka sauti za injini hizo, asome sentensi inayomhusu.

Najua wengine kwenu wataona hilo linaichafua sare. Mwaka 1995 Marekani iligombana vikali juu ya maneno ya kuandika kando ya Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la Hiroshima, mpaka maonyesho yaliyopangwa yakavunjwa na kubaki kipande cha bodi na maelezo machache. Kikundi chenu kina nafasi ya kufanya vizuri zaidi, kwa sababu wenye kumbukumbu bado wako hai. Rekodini wazee kwa simu, kwa Kiswahili kile cha jeshini walichotumia kazini: marubani, mafundi, wapishi wa kambi, na raia. Hiyo ianze wiki hii. Ndege inaweza kungoja kiangazi.

Nitumieni picha chache kabla hamjagusa bolti. Kibati cha kiwandani chenye namba, ili tujue kama ndege ni ya Usovieti, au ni moja ya zile zilizotengenezwa Poland au China. Kiungio cha bawa, kushoto na kulia. Tumbo la bodi karibu na mkia, pale maji yanapotuama. Na ubavu wa pua wakati wa saa moja asubuhi, jua likiwa linapiga kwa mshazari, maana mwanga huo huonyesha kingo za namba zilizopakwa juu. Nikiziona nitawaandikia mpangilio wa kufungua, sehemu kwa sehemu, na stendi za vipimo gani mchomelee.